UZI: Kikosi cha taifa cha magongo ya wanawake kinatoka wapi? Someni safu ya klabu, msiishie kwenye majina

Binti_Kikwajuni

Assalaam alaykum. Uzi huu ni wa mpira wa magongo (hoki) wa wanawake. Aliyekuja kutafuta usajili wa Simba na Yanga apite salama, jukwaa ni kubwa.

Kila yakikaribia mashindano makubwa mie sianzi na ratiba, naanza na orodha za vikosi. Orodha ya magongo kwa kawaida inakupa namba ya jezi, jina, mechi alizochezea taifa na klabu anayotoka. Watu husoma jina. Mie macho yangu yanakwenda kwenye klabu, maana hapo ndipo nchi inapojianika.

Wachukueni Waholanzi. Mabingwa wa dunia 2022, mabingwa wa Olimpiki Paris 2024. Ukiteremka na safu ya klabu utaona zile zile zinajirudia: Den Bosch, Amsterdam, SCHC, Kampong. Yaani wanawake hawa wanaumizana wenyewe kwa wenyewe kwenye ligi ya nyumbani, halafu ikifika zamu ya taifa wanavaa rangi moja ya chungwa. Mtu kama Eva de Goede kapita mechi 250 za taifa. Kocha hakuwa na la kumfundisha pale, kazi yake ilikuwa kumchagua tu.

Halafu mwangalie Ireland kwenye Kombe la Dunia la 2018, London. Walikwenda wakiwa nambari 16 duniani, wanafunzi na watu wa kazi za mchana, hakuna aliyekuwa akilipwa kucheza. Wakafika fainali. Waholanzi wakawafunga 6–0, sawa, lakini fainali walifika. Wengi walikuwa wamekwenda likizo ya kazi. Ila tazameni klabu zao: UCD, Pembroke, Ulster Elks. Mshahara hawakuwa nao, ligi walikuwa nayo.

Sasa sisi. Kikitangazwa kikosi cha Tanzania cha mchezo wowote, kazi yetu ya kwanza ni kuhesabu Wazanzibari wangapi wamo. Nami huhesabu, sijitoi. Lakini kwa magongo tunahesabu nini, ikiwa mtoto wa kike wa mtaani kwangu hajapata hata kulishika gongo? Nataka tulijadili hilo, bila ya kulaumu Bara kwanza. Lawama ziko baadaye, msijali 😄

Chukwani_Usiku

Da Binti umetuanzia na Waholanzi kama vile tuna magongo yamejaa stoo. Sisi tulicheza kwa upongoo wa mnazi na limau bovu, na mshindi alikuwa yule ambaye mama yake hakumwita.

Mkuu_wa_Tabata

Wakuu, naomba nipinge kidogo. Hiyo nadharia ya ligi kwanza mnaipa uzito mno. Zimbabwe 1980, Olimpiki ya Moscow. Mara ya kwanza magongo ya wanawake kuchezwa Olimpiki. Nchi zimesusa kwa sababu Wasovieti wameivamia Afghanistan, nafasi zimebaki wazi, Zimbabwe wakaalikwa zikiwa zimesalia wiki tano hivi. Kikosi kikaundwa haraka haraka, wakapanda ndege, hawajapata hata kucheza kwenye nyasi bandia. Wakarudi na dhahabu. Wiki tano! Kwa hiyo tukiamua, tunaweza. Tatizo letu Watanzania ni woga na kusubiri mfadhili.

Mtambwe_Asili

Na wakaahidiwa ng'ombe dume kila mmoja, wakaishia kupewa nyama ilokwishafungwa. Hapo ndipo mie ningegoma. Ng'ombe Pemba ana heshima yake, huwezi kumwahidi mtu ng'ombe ukamletea kifurushi.

Binti_Kikwajuni

Kaka Mkuu_wa_Tabata, ahsante kwa kuileta Zimbabwe, nilikuwa naisubiri, maana kila mjadala wa namna hii lazima afike mtu na Zimbabwe.

Wiki tano ni za kualikwa. Mpira wenyewe walikuwa nao tangu skuli. Kepteni wao alikuwa Ann Grant, dada yake Duncan Fletcher yule wa kriketi. Kikosini walikuwemo pacha, Sandra Chick na Sonia Robertson. Ukiona ndugu wanafuatana hivyo kwenye orodha, ujue mchezo ulikuwa umeshaingia majumbani: mama anacheza, watoto wanachukuliwa uwanjani Jumamosi, skuli ina kocha, mji una klabu. Mashindano yenyewe yalikuwa ya timu sita, kila mmoja anacheza na kila mmoja, na mechi ya mwisho wakaifunga Austria 4–1. Timu iliyokusanywa na watu waliokwishajua kucheza inaweza kuzoeana kwa wiki tano. Timu ya watu wanaojifunza kushika gongo haiwezi.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaoisimulia hadithi ile kwa furaha hulipitia mbali. Wachezaji wote walikuwa Wazungu. Nchi imepata uhuru Aprili 18, dhahabu imepatikana mwisho wa Julai mwaka ule ule, na kikosi kilichobeba bendera mpya kilitoka kwenye skuli na klabu ambazo Mwafrika wa kawaida hakuwa na mlango wa kuingilia. Siwaondolei dhahabu yao, waliishinda uwanjani. Ninachosema ni kwamba safu ya klabu inakwambia nani alipewa uwanja miaka ishirini kabla.

Baba_Mkunazini

Mwanangu Binti, umeligusa palipo na kidonda. Niruhusu niseme kidogo mie mtu mzima.

Unguja magongo hayakuwa mageni. Kabla ya 1964 ulikuwa mchezo wa Wahindi, Wagoa na watumishi wa serikali ya Mwingereza. Sisi watoto wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, tulikuwa watazamaji na waokota mipira. Walivyokuwa wakicheza, wallahi, ungedhani mpira umefungwa uzi kwenye gongo. Afrika Mashariki nzima ilikuwa hivyo. Kenya waliokwenda Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, 1971, wakashika nafasi ya nne, kepteni alikuwa Avtar Singh Sohal. Kikosi kile ukikisoma majina yake unajua kimetoka jamii gani.

Sasa jamii ile ilipohama, mchezo ulihama nao, kwa sababu haukuwa umefunzwa kwa wengine. Mkuu wa Tabata kataja Moscow 1980. Je, anajua kuwa na sisi tulikuwepo? Wanaume wa Tanzania walicheza magongo Moscow, Olimpiki ile ile, kwa nafasi zile zile zilizoachwa na waliosusa. India walitufunga 18–0. Tukashika mkia, sita kati ya sita. Basi weka mambo mawili ubavu kwa ubavu: mwaliko mmoja, mji mmoja, mwezi mmoja. Mmoja kapata dhahabu, mwengine kafungwa kumi na nane. Ikiwa ni ujasiri tu, wale wetu nao walikuwa mashujaa, kusimama mbele ya India mpaka filimbi ya mwisho si kazi ndogo.

Mkuu_wa_Tabata

Mzee shikamoo. Hiyo ya 18–0 nilikuwa siijui kabisa. Naipokea. Lakini bado nasema Zimbabwe wangekataa mwaliko kwa kisingizio cha maandalizi, leo tusingekuwa tunawataja.

Baba_Mkunazini

Marahaba. Hapo tuko pamoja, mwaliko haukataliwi.

Mtambwe_Asili

Mie nakuja na langu na najua n'tapigwa mawe. Haya ya ligi kwanza ndiyo wimbo tunaoimbiwa Pemba kila siku. Subirini uwanja, subirini waamuzi, subirini vifaa. Wakati sisi tunasubiri, kikosi kinatoka Dar, na kikiitwa kikosi cha Zanzibar basi kinatoka Mjini Magharibi. Dawa ni nafasi za lazima. Mkiwa na watu 18, wekeni sharti: wanne Unguja, wanne Pemba. Kocha akilazimika kututafuta, atakuja Chake na gari yake mwenyewe, na ligi itazaliwa nyuma yake.

Mwalimu_wa_Fuoni

Ndugu yangu Mtambwe, nafasi 18 unazogawa ni chache kuliko unavyodhani. Nieleze kidogo, nafundisha michezo skuli.

Uwanjani wanacheza 11. Kwenye Kombe la Dunia kikosi ni watu 18, kwa hiyo benchi saba. Olimpiki wanabana, ni 16, kwa sababu idadi ya wanamichezo wote wa Olimpiki imewekewa kikomo. Na magongo si kama kandanda kwamba ukitoka umetoka. Unatoka, unavuta pumzi, unarudi, hata mara kumi, na mpira hausimami kukusubiri. Robo nne za dakika 15, mbio tupu. Kwa hiyo mtu wa benchi anacheza karibu sawa na anayeanza. Ukimweka mmoja kwa hisani, wenzake ndio wanaobeba mbio zake.

Kisha kipa. Olimpiki timu nyingi huchukua kipa mmoja tu ndani ya 16 na wa pili wakamweka pembeni kama akiba. Uingereza walikwenda Rio 2016 na Maddie Hinch. Fainali na Uholanzi ikaisha 3–3, wakaingia kwenye ana kwa ana, mchezaji anaanzia mita 23 na ana sekunde nane tu kummaliza kipa. Waholanzi hawakuingiza hata moja. Hinch alikuwa na daftari lake la kuwasoma wapigaji. Dhahabu ikaenda kwa Waingereza, 2–0.

Halafu nafasi nyingine hugawika kwa kazi. Lazima uwe na mtu wa kona fupi. Pale mabeki wanne na kipa wanasimama nyuma ya mstari wa goli, wenzao waliobaki wanapelekwa katikati ya uwanja, mpira unatolewa, unasimamishwa, na mpigaji anauburuta na gongo kisha anaurusha golini. Yibbi Jansen wa Uholanzi alikuwa mfungaji bora Paris kwa mabao tisa, na kazi yake kubwa ndiyo hiyo. Agustina Gorzelany wa Argentina naye ndivyo alivyoongoza kwa mabao Kombe la Dunia la 2022. Mtu wa namna hiyo humtoi kwa sababu kisiwa kimekosa nafasi.

Mtambwe_Asili

Mwalimu, umeniambia kipa, umeniambia mpigaji kona. Hukuniambia Mpemba atajulikanaje kama anaweza kuwa mpigaji kona ikiwa hakuna anayevuka maji kuja kumtazama.

Mwalimu_wa_Fuoni

Hilo sina jibu lake la haraka. Una haki.

Mtumishi wa jukwaa

Mchango mmoja umeondolewa. Jadilini mpira, maumbile ya wachezaji yaacheni.

Ummu_Shufaa

Ahsante mtumishi, nilikuwa nimeshauona na nimeshakasirika.

Mie ni mama wa mabinti, na suala langu ni la wazi. Picha zote za magongo ninazoziona ni sketi fupi. Binti yangu wa kati ana mbio, anacheza netiboli skuli na anajulikana. Baba yake hana neno na netiboli kwa sababu wanavaa suruali na mtandio. Akienda kwenye magongo atavuliwa?

Binti_Kikwajuni

Bibi yangu, havuliwi. Watazame Malaysia. Timu yao ya wanawake ina wachezaji wanaovaa hijabu ya michezo, mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya sketi ya timu, na wanacheza mashindano ya kimataifa kama kawaida. Sio ombi maalumu, ndivyo wanavyoingia uwanjani. Na kipa ndiye kabisa, amejifunika kuliko sote: kofia ya chuma, kifua, magamba ya miguuni. Ukitaka binti asionekane hata ukucha, mpeleke golini 😂

Hiyo ya mbio ya netiboli ni mtaji. Anajua kusimama ghafla na kutoa pasi bila ya kukimbia na mpira. Anachokosa ni kuinama. Magongo yanauma kiuno, asikwambie mtu.

Ummu_Shufaa

Kiuno atazowea, kwani kufagia ukumbi si kuinama? Nimefurahi kuhusu Malaysia. Baba yake nitamwonesha.

Chukwani_Usiku

Kuna kitu hamjakigusa. Unaweza kuwa na ligi, na kikosi, na ukashinda, na bado usiende. Wanawake wa Afrika Kusini walishinda Afrika kwa ajili ya Rio 2016, kamati yao ya Olimpiki ikasema kushinda Afrika hakutoshi, hatuwapeleki. Wakabaki nyumbani. Sisi Wazanzibari haya tunayajua kwa uchungu wetu: 2017 CAF walituingiza uanachama Machi, Julai wakatutoa. Kwa hiyo mnaposema msingi, msingi, kumbukeni na ofisi.

Baba_Mkunazini

Kweli. Na ofisi zetu zimegawika. Michezo si jambo la Muungano, Zanzibar tuna baraza letu la michezo na Bara wana lao. Lakini Olimpiki na Jumuiya ya Madola tunakwenda kwa jina moja, Tanzania. Kwa hiyo msichana wa hapa lazima avuke milango miwili. Wa Bara anavuka mmoja na nusu.

Mkuu_wa_Tabata

Mzee, mmoja na nusu umetuonea 😂 Huku Bara nako magongo yanajulikana na watu wachache sana. Majirani zetu Kenya ndio wametuacha. Telkom yao ya wanawake, iliyokuja kuitwa Blazers, ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi mpaka ikawa mazoea.

Binti_Kikwajuni

Na hao hao Kenya, wenye Telkom, walikwenda Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 wakawekwa kundi moja na Australia, New Zealand, Scotland na Afrika Kusini. Walifungwa mabao mengi. Sisemi kuwakejeli. Nasema ili mwenye kuota kikosi cha Olimpiki aone ngazi zilivyo ndefu: klabu iliyozoea ubingwa wa Afrika iko pale, na juu yake bado kuna ghorofa kadhaa.

Lakini upo upande wa pili, na huu ndio unaonipa usingizi. India. Olimpiki ya Tokyo walimaliza wa nne. Robo fainali wakawatoa Australia 1–0, bao la Gurjit Kaur kwa kona fupi. Kepteni alikuwa Rani Rampal, baba yake alikuwa akivuta mkokoteni kule Shahabad, Haryana. Kwenye kikosi kile alikuwemo Salima Tete, mtoto wa kijijini Simdega, Jharkhand, ambako watoto huanza na magongo ya kuchonga wenyewe. Sasa huyo Salima ndiye aliyekuja kupewa ukepteni wa taifa. Chukwani_Usiku, upongoo wako usiudharau. Tofauti ni kwamba Simdega baada ya fimbo ya kuchonga kuna kituo cha mafunzo, kuna kocha anayezunguka vijijini, kuna mashindano. Fimbo yenyewe haimfikishi mtu Tokyo.

Mtambwe, kocha anayezunguka ndilo jibu la swali lako kwa Mwalimu, nadhani. Kuliko nafasi nne za lazima, dai mtu mmoja wa lazima: mchaguzi ambaye kazi yake ni kupanda boti kuja Pemba.

Mtambwe_Asili

Hilo nalikubali kwa sharti asirudi na boti ya siku ile ile. Wanakuja Mkoani asubuhi, jioni wako Forodhani.

Mwalimu_wa_Fuoni

Niwaletee jambo la kutendeka. Uwanja kamili wa magongo ni mita 91.4 kwa 55, na wakubwa wanacheza kwenye nyasi bandia zinazomwagiwa maji. Sahauni hilo kwa sasa. Lakini shirikisho la dunia lina mchezo mdogo, watu watano kwa watano, uwanja karibu nusu ya ule. Januari 2024 Kombe la Dunia la watano watano la wanawake lilichezwa wapi? Muscat! Mji ambao nusu ya wana jukwaa hili wana ami au shangazi. Uholanzi wakawafunga India fainali 7–2. Na Waafrika walikuwepo: Afrika Kusini, Namibia, Zambia. Zambia walikuwamo kwenye orodha ya Kombe la Dunia, jamani, na sisi tunabishana nafasi nne nne.

Watano watano unaweza kuchezesha kwenye kiwanja cha skuli kilichosawazishwa. Magongo kumi na mawili, mipira, magamba ya makipa wawili. Hayo ya makipa ndiyo yatakayoleta taabu, ni ghali na hayaigiziki. Gongo utachonga, mpira utaazima, ila kipa bila ya kinga huwezi kumweka, ule mpira unazidi gramu 150 na ni mgumu.

Chukwani_Usiku

Ami yangu Muscat akija huleta halua na udi. Safari hii nitamwambia alete kofia ya kipa, sijui ataniangaliaje.

Ummu_Shufaa

Mwambie na magamba ya miguu. Udi tunao.

Mkuu_wa_Tabata

Wakuu mimi bado nina dukuduku. Mkianza na watano watano, hamuoni mtazalisha wachezaji wa mchezo mdogo tu? Kikosi cha kumi na mmoja kina mabeki wa kusimama, kina kona fupi, kina kupanga nafasi. Watano watano ni vurugu.

Mwalimu_wa_Fuoni

Ni vurugu, ndiyo. Na mtoto wa miaka kumi na mbili anapenda vurugu. Kupanga nafasi atafundishwa akishafika sekondari na bado anapenda kuja mazoezini.

Binti_Kikwajuni

Mie sikubaliani na Mwalimu moja kwa moja. Nadhani Mkuu_wa_Tabata ana hoja: mkiachia miaka mingi bila ya kumi na mmoja, mtapata washambuliaji watupu na hakuna beki. Ningependa wakubwa wachache, hawa wa netiboli waliomaliza skuli, waanzishwe moja kwa moja na uwanja mzima, hata kama ni mchanga. Hapo tutagombana tukishaonana.

Mnazi Mmoja, Jumamosi baada ya Alasiri, upande wa miti. Atakayekuwa na gongo la zamani la babu yake darini alilete hata limepasuka, Mwalimu atalitazama. Mtambwe, wewe piga picha kiwanja cha skuli yenu utuwekee hapa, pamoja na vipimo.

Mtambwe_Asili

Picha n'taweka kesho. Kiwanja kina mwembe katikati, lakini kwa Pemba huo ni mlinzi wa ziada.

Baba_Mkunazini

Darini kwangu lipo moja. Kamba za mpini zimeliwa na panya. Nitakuja nalo.